Mguu wa Kushoto wa Colter Vrbka

Agosti 17, Jumamosi

Verlyn ametugawia madaftari tena. Kila mwaka ni maneno yale yale: "Andikeni mlichoona, si mlichofikiri." Ndugu wawili wa akina Dahlke huchora ng'ombe humo. Padri Benno, anayesimama nyuma kabisa uwanjani, husema ameshasikia makosa ya kutosha na hahitaji kuyaandika. Kwa hiyo katika waamuzi watano wa mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka kwa mikono, wa wanane kwa wanane, anayeandika ni mimi peke yangu, LaVonne Hruska, mpima malori ya nafaka kwenye mizani ya ushirika siku zote, na mwamuzi wa mstari wa pembeni kila Ijumaa.

Huu ni msimu wa arobaini wa Verlyn kuvaa kofia nyeupe ya refa mkuu, na ni wa mwisho, magoti yamegoma. Miaka yote hiyo hajawahi kupewa fainali ya jimbo. Leo alitwambia huku akitazama dirishani kwamba mtu wa chama cha waamuzi amemdokeza: tukimaliza msimu bila doa, fainali ni yetu. Alivyosema kama mtu anayezungumzia mvua, ndipo nikajua anaitaka kweli.

Agosti 24, Jumamosi

Somo la mwaka, jikoni chini ya kanisa. Verlyn alichukua kiazi akamrushia Dahlke mkubwa, ambaye alikikumbatia kifuani.

"Amedaka?"

"Amedaka," tukasema.

Akamrushia Padri. Kikagonga vidole, kikapanda juu, Padri akakikamata huku amekalia ukingo wa sinki.

"Huyu je?"

Hapo tukaanza kubishana kama wake wenza. Nusu saa nzima! Nikaandika alichosema Verlyn mwishoni, maana ndicho kinachoulizwa kwenye mtihani: mchezaji awe ameushika mpira barabara ukiwa bado hewani, na anapotua, sehemu ya kwanza ya mwili wake kugusa chini iwe ndani ya uwanja. Mguu mmoja unatosha. Wale wanaolipwa, wanaocheza Jumapili kwenye televisheni, wao wanatakiwa miguu yote miwili. "Ya Jumapili yaacheni Jumapili," akasema. "Sisi ni watu wa Ijumaa."

Halafu Padri akatoa kwenye oveni trei ya mikate ya mdalasini. Sheria yetu haijabadilika: kila Jumamosi, kabla hujagusa mkate, unataja uamuzi mmoja wa jana ambao ungependa kuurudisha. Usipotaja, huli. Leo tumekula bure kwa kuwa jana hapakuwa na mechi.

Agosti 30, Ijumaa

Mechi ya kwanza. Joto. Nimeumwa na nyigu shingoni. Hakuna jingine.

Septemba 8, Jumapili

Mume wangu Duane alikaa na mume wa dada yangu mbele ya televisheni tangu saa sita mchana. Nikaketi nao na bakuli la maharage ya nyama. Kuna mdakaji aliruka pembeni, akatua kwa ncha ya kiatu kimoja, kisha ya kingine, na waamuzi wakaenda kutazama marudio kwa dakika nane. Dakika nane! Ningeweza kupima malori matatu.

"Mguu wa pili uko nje," Duane akasema.

"Uko ndani, bwana. Tazama majani yanavyoruka."

"Hayo majani ni ya mguu wa kwanza! LaVonne, si wewe ndiye mwenye filimbi? Sema."

Nilipiga magoti mbele ya kioo nikatazama ule mguu wa pili mpaka macho yakauma. Ulikuwa nje kwa upana wa kidole. Nilipopatia, Duane alinipigia saluti ya kijiko. Sijui kwa nini jambo hili linanifurahisha hivi, mwanamke wa miaka hamsini na sita. Mtu anaruka, anakamata, anatua. Mtoto anaelewa. Lakini ukilisogelea, linagawanyika vipande vipande na kila kipande kina swali lake. Wiki nzima nitakuwa natazama miguu ya watu.

Septemba 13, Ijumaa

Wendell 26, Sand Draw 30. Naandika kirefu kwa sababu leo nimefanya kazi yangu sawasawa.

Wendell ni shule ya watoto thelathini na kitu. Mwakani inaunganishwa na hiyo hiyo Sand Draw, kwa hiyo hii ni timu yao ya mwisho, na mji mzima ulikuja, hata wazee wenye mitungi ya oksijeni. Zilibaki sekunde nne. Mrusha mpira wa Wendell akautupa mrefu kwenye kona ya eneo la pointi, ambako kudaka tu kungewapa pointi sita na ushindi, upande wangu, mbali kabisa na benchi lao. Aliyekwenda kuufuata ni Colter Vrbka, mtoto wa Vrbka wa kaskazini, mwembamba kama uma. Aliruka akaushika kwa mikono miwili, barabara, haukutikisika. Mguu wa kushoto ukatua kwenye majani, upana wa kiganja kizima kabla ya mstari. Kisha wa kulia ukaja ukaangukia kwenye chokaa ya mstari, vumbi jeupe likaruka. Nikapuliza, nikapunga mikono yote miwili: hajadaka. Mechi imekwisha.

Colter alikaa chini akanitazama. "Nilitua, mama," akasema. Hakupiga kelele. Sikumjibu, kwa kuwa Verlyn hataki tueleze. Refa anaonyesha, haelezi.

Verlyn alikuja mbio na magoti yake. "Una uhakika?"

"Nina uhakika. Nimeona chokaa ikiruka."

"Basi twende."

Kocha wa Wendell alisimama kando ya njia yetu ya kutokea, kofia mkononi. Alikuwa mbali, hakuona kitu. Akasema tu, "Kama ni mstari, ni mstari." Watu wao hawakunizomea. Walikunja blanketi zao wakaenda. Ningependelea wanizomee.

Septemba 14, Jumamosi

Video haisaidii. Aliyekuwa akirekodi alisimama kushangilia, tukaona dari ya kibanda tu. Kwenye mkate nilitaja kosa dogo la robo ya kwanza. Verlyn akasema mbele ya wote, "Jana LaVonne alikuwa na macho." Nimeyabeba maneno hayo nyumbani kama zawadi.

Septemba 17

Soya zimeanza. Malori arobaini na moja. Koo limejaa vumbi.

Septemba 22, Jumapili

Colter Vrbka alileta lori la baba yake. Siku za mavuno vijana wote wanaendesha wikendi. Nilijiandaa kununiwa.

"Shikamoo, Mama Hruska."

"Marahaba. Breki ya mkono."

Akavuta breki. Nikasubiri namba nyekundu zitulie, maana lori likiingia mizani huwa zinarukaruka, na mpimaji mwenye haraka huandika uongo. Nikapiga muhuri kwenye tikiti ya uzito. Nikashindwa kujizuia: "Umenikasirikia?"

"Hapana. Baba anasema Mama Hruska hajawahi kumpunja hata paundi moja. Ukisema nje, ni nje." Akacheka kidogo. "Huko mjini wananiita Kiatu Kirefu. Wanasema ningevaa namba ndogo tungeshinda."

Kijana mwema. Nilimpa tufaha.

Septemba 27, Ijumaa

Ajabu ya leo! Mdakaji aliruka akaukamata, na kabla hajatua, jitu moja la upinzani likambeba hewani kama gunia na kwenda kumtua nje ya mstari. Hakugusa ndani hata kwa ukucha. Nikapiga filimbi: amedaka. Kocha wa timu ya pili nusura ameze kofia yake. Lakini ndiyo sheria: ukishikwa hewani ukabebwa nje, tunahesabu pale ulipozuiwa. Kwa hiyo kuna mtu anayetua nje na amedaka, na kuna mtu anayetua ndani na hajadaka kwa kuwa mpira ulimtoka alipogonga ardhi.

Nilimuuliza Padri garini: mbona basi tunasema ni jambo la macho? Akasema, "LaVonne, macho yanaona mguu. Kudaka hakuonekani. Kudaka tunakubaliana." Sikupenda jibu hilo, lakini sijaacha kulifikiria.

Septemba 29, Jumapili

Nimemfanya Duane aruke jikoni na kabichi. Mkanda wa gundi sakafuni ndio mstari. Mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu alikataa, akasema yeye ni fundi bomba mstaafu, si swala.

Oktoba 4

Mvua. Mechi imechezwa kwenye tope. Hakuna aliyedaka chochote, hata mafua tumeyapata wote bila kudaka.

Oktoba 8

Mahindi yameanza, yana unyevu. Foleni ya malori mpaka barabarani.

Oktoba 13, Jumapili

Colter alikuja na lori la tatu mnamo saa tisa. Nilipompa tikiti hakuondoka.

"Mama Hruska, nikuulize kitu? Si kwa ubaya."

"Uliza upesi, kuna foleni."

"Ule mguu wangu. Ulikanyaga mstari kwa kiasi gani? Inchi moja? Mbili?"

"Ya nini sasa?"

"Nataka kujua tu. Kila nikilala naruka tena, na kila nikitua nahisi majani. Majani kabisa. Halafu nakumbuka wewe uliona chokaa. Nashangaa mwili wangu unawezaje kunidanganya hivyo. Nadhani nikijua ni inchi ngapi nitaacha kuruka."

"Mguu upi?" nikamuuliza.

"Wa kushoto. Ule wa kwanza. Wa kulia najua ulikuwa nje, lakini huo si hauna neno?"

Lori la nyuma lilipiga honi. Nilimwambia sikumbuki. Nikasema hivyo, sikumbuki, na macho yangu kwenye namba. Akaniambia asante akaondoka.

Nimerudi nyumbani nikafungua daftari hili kabla sijavua koti. Septemba 13, wino wa bluu, mwandiko wangu. *Mguu wa kushoto ukatua kwenye majani, upana wa kiganja kizima kabla ya mstari.* Hakukuwa na inchi yoyote. Nilikuwa nimetoka kupiga magoti mbele ya televisheni Jumapili ile nikitafuta mguu wa pili, wiki nzima nikatazama miguu ya pili, na Ijumaa nikausubiri mguu wa pili ambao Ijumaa haupo. Niliona kila kitu sawasawa. Nikamhukumu mtoto wa shule kwa sheria ya wenye kulipwa, katika sekunde ya mwisho. Nilikuwa na macho, kweli. Na sikuona nilichokiona.

Amedaka. Wendell walishinda ile mechi.

Duane ananiuliza mbona sili.

Oktoba 14

Siandiki.

Oktoba 19, Jumamosi

Jana raundi za kawaida zimekwisha. Wendell wamekosa mchujo wa kuelekea fainali kwa mechi moja. Mechi moja. Shule imebakiza miezi saba na haitacheza tena mpira.

Jikoni, zamu yangu ilipofika, nilitaja filimbi niliyochelewa kupuliza jana. Nikala mkate. Mtamu kama kawaida.

Nilikuwa nawaona watu wa Wendell wapole. Sasa naona walinyamaza kwa sababu waliniamini, na hilo ndilo linaloniumiza. Kama wangenitukana ningekuwa na pa kujificha.

Oktoba 26, Jumamosi

Verlyn alikuja amevaa shati jipya. Tumo kwenye orodha ya mwisho ya fainali, sisi na kundi jingine moja, na wao refa wao amevunjika kifundo. "Msiseme kwa mtu," akasema, halafu yeye mwenyewe akamwambia Padri mara tatu. Mkewe amemfulia kofia nyeupe kwa mkono. Nikataja kosa la uongo. Nikala.

Oktoba 30

Upepo. Maganda ya mahindi yanapita barabarani. Colter hakuja, alikuja baba yake. Anasema mtoto ana mpango wa kuacha kujaribiwa na timu ya chuo. "Anasema haiamini miguu yake," akasema mzee Vrbka, kisha akaulizia unyevu wa mahindi.

Nilikuwa najiambia matokeo hayabadiliki, basi kusema kunamfaa nani? Sasa najua kunamfaa nani. Na najua pia kunamgharimu nani.

Novemba 2, Jumamosi

Nilikwenda na daftari. Zamu ilipofika kwangu nikausogeza mkate mbali.

"Septemba 13. Wendell. Mpira wa mwisho."

Padri akaweka trei chini.

"Soma," Verlyn akasema.

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nilipofika kwenye kiganja kizima nikaonyesha kwa kidole, nikamaliza. Dahlke mdogo aliacha kutafuna.

"Umejua lini?" Verlyn akauliza.

"Tarehe kumi na tatu mwezi uliopita."

"Kwa hiyo Jumamosi mbili umekaa kwenye kiti hicho, umenitazama usoni, ukala mkate."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi niliwahi kuwapa watu jaribio la tano, na sheria inaruhusu manne tu, kwa kutojua kuhesabu mpaka nne. Nimekosea mpaka nimesahau. Sikasirikii kosa, LaVonne. Nakasirikia mkate."

Nilistahili.

Dahlke mkubwa, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno lisilo na ng'ombe ndani yake, akakohoa. "Lakini matokeo si yameshapita? Tukiripoti tunapata nini? Fainali ni wiki tatu tu, jamani. Mzee amengoja miaka arobaini."

Tulimtazama Verlyn. Yeye alikuwa anaitazama trei. Nilitaka kusema basi tuache, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Padri, lete fomu ya ripoti," akasema.

Alivaa miwani akaandika mwenyewe. Nilisoma juu ya bega lake: *tulitumia sheria isiyo yetu.* Nikamwambia aandike jina langu, kosa ni langu. Akasema fomu ina nafasi ya jina moja, la refa mkuu, na akasaini. Kisha akachukua kofia na kwenda kwenye gari bila kumuaga mtu. Mkate wake ulibaki.

Novemba 6, Jumatano

Verlyn amepiga simu kwenye mizani. "Wamesema wanashukuru kwa uaminifu wetu. Fainali wamewapa wengine. Hata yule mwenye kifundo anaweza kusimama." Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza: "Jumamosi uje saa mbili. Bado tuna ya Septemba 20 hatujaipitia." Akakata.

Nililia, nikajifuta kwa tikiti tupu, nikapima lori lililofuata. Ilibidi nisubiri namba zitulie mara mbili.

Novemba 10, Jumapili

Baridi, jua kali. Mashamba karibu yote yamekwisha. Colter alikuja na lori moja kabla ya la mwisho. Nilitoka kibandani, jambo ambalo sifanyi, nikapanda ngazi ya lori mpaka dirishani kwake.

"Uliniuliza inchi ngapi."

"Eh, achana nayo, mama. Ilikuwa ni udadisi tu."

"Sifuri. Mguu wako wa kushoto ulikuwa ndani, kiganja kizima. Nilikuona. Niliusubiri wa kulia, na haukuwa na kazi. Ulidaka, Colter. Nilikosea mimi, na nimeripoti, na nimechelewa kukwambia."

Alishika usukani. Masikio yalikuwa mekundu.

"Tumekosa mchujo kwa mechi moja," akasema.

"Najua."

"Mechi *moja*, Mama Hruska. Babu yangu alikuja na kile kimtungi chake."

"Najua, mwanangu. Naona aibu."

Akatia gia. Akaondoka hata tikiti hajachukua, nikabaki nayo mkononi katikati ya vumbi. Nilirudi ndani nikapima wengine. Duane aliniletea supu nikamwambia airudishe.

Saa kumi na moja kasoro lile lori likarudi, la mwisho la msimu wa akina Vrbka. Akapima, akamwaga mahindi, akapima tupu. Kisha akalisogeza lori mbele, likatoka kabisa kwenye mizani, akazima injini, akashuka. Nilidhani anakuja kunisemea mabaya, na nilikuwa tayari. Badala yake alisimama kwenye ukingo wa zege, kando ya lile jukwaa la chuma la mizani.

"Tuseme hapo kwenye chuma ni ndani," akasema kwa sauti ili nimsikie kupitia kioo. "Nilifanya hivi?"

Akaruka. Mikono juu, miwili, akikamata hewa. Akatua kwa mguu wa kushoto kwenye chuma, bum, na wa kulia akauacha unaning'inia.

"Hivyo hivyo," nikasema.

"Kweli?"

"Hivyo hivyo kabisa."

Alibaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, akiyumba, akijitahidi asicheke. Namba nyekundu zilikuwa zinarukaruka. Nikasubiri. Zilipotulia nikachukua tikiti mpya nikaandika kwa wino wa bluu, nikapiga muhuri wa ushirika, nikampa dirishani:

*Mzigo: Colter Vrbka, wa Wendell. Tarehe ya kupokelewa: Septemba 13. Uzito: paundi 160. Mguu mmoja, ndani. Amedaka. L. Hruska, mpimaji.*

Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaufunga kifungo.